Somo: Kompyuta Yenye Ugonjwa Sugu



Siku hizi wengi wetu tuna kompyuta nyumbani, mara nyingi ya mkono wa pili, na matawi kadhaa yameweka humo daftari la wanachama. Ikigoma mara moja tunaizima na kuiwasha, mambo yanakwisha. Somo la leo linahusu tatizo lile linalorudi kila siku.

Kompyuta ya mapajani ya tawi letu ilikuwa inazimika yenyewe. Ndani yake mlikuwa na hesabu ya malimbikizo ya saa za ziada, nasi wiki iliyofuata tulikuwa na mkutano na mwajiri. Fundi wa kwanza aliitazama dakika tano, akasema diski ifutwe yote na programu zipakiwe upya. Katibu wetu, ambaye ni makanika wa mashine za kukaushia chai, alikataa. Mashine ya kiwandani ikisimama, alisema, hatuanzi kwa kubadilisha mota. Tunauliza kwanza inasimama saa ngapi na ikiwa inafanya nini.

Alinakili hesabu zote kwenye flashi. Kisha akaandika katika daftari kila mara ilipozimika. Siku tatu zilitosha: asubuhi na mapema ilidumu saa nzima, mchana robo saa, na ikiwekwa juu ya godoro haikufika hata dakika kumi. Hilo ni joto. Tuliizima, tukaondoa chaja na betri, tukafungua kifuniko cha chini, tukakuta njia ya feni imezibwa na vumbi la chai kama sufi. Tulilisafisha kwa brashi kavu ya rangi, huku tumeishika feni isizunguke. Hesabu zilifika mkutanoni zikiwa kamili.

Elezo lake ni hili. Kichwa cha kompyuta kina kipimo cha joto. Likikaribia nyuzi 100 kinapunguza kasi, na likizidi kinajizima ili kisiungue. Kwa hiyo kompyuta iliyokuwa nzito bila sababu huenda nayo inaugua joto tu. Wanaofanya kazi kwenye pamba, katani au unga wachunguze feni kwanza.

Jambo kubwa katika kazi hii ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha chaja, ukafuta programu na kusafisha feni siku moja, kompyuta ikapona, hutajua kilichoiponya. Ikiugua tena utaanza upya.

Kompyuta ya mapajani ikikataa kabisa kuwaka, ondoa chaja, na betri pia kama inatoka. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Kisha rudisha chaja peke yake, ujaribu. Ni ajabu mara ngapi hili hutosha. Ikiwa tarehe inarudi nyuma kila unapozima, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka zikisema si salama, usilaumu intaneti: vyeti vya usalama vya kurasa hizo hukaguliwa kwa tarehe ya kompyuta yako. Katika kompyuta za mezani dawa kwa kawaida ni kibetri cha duara kama sarafu, chenye maandishi CR2032.

Kama hujui kosa liko kwenye programu au kwenye mashine yenyewe, mwombe anayejua akutengenezee flashi yenye Linux, mfumo usiolipiwa. Iwashe kompyuta kwa flashi hiyo. Ikifanya kazi vizuri kwa saa mbili, shaka inahamia kwenye diski au programu zilizomo. Ikigoma vilevile, kosa huenda liko kwenye vyuma. Kwa flashi hiyohiyo unaweza kutoa mafaili yako hata kama Windows haifunguki.

Lakini ukisikia diski ikigonga tik-tik, zima mara moja. Usijaribu tena na tena, maana kila kuwasha kunaweza kuikwaruza zaidi. Na fundi yeyote akitaka kufuta diski, mwulize kwanza mafaili yameshanakiliwa wapi, naye akuonyeshe yakifunguka. Daftari la tawi liwe katika flashi mbili: moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mweka hazina.