Samaki Asiye na Macho: Jicho Lilipotelea Wapi?

Kambare wa Mto Tana huishi katika maji ya matope, lakini macho anayo. Ng'ambo ya mpaka, Somalia ya kati, kuna samaki wanaoishi katika maji ya chini ya ardhi, pasipofika hata mwale mmoja wa jua. Tangu 1924 wanasayansi wanawaita Phreatichthys andruzzii. Hawana macho wala magamba.

Mwanafunzi akiulizwa sababu, hujibu haraka: "Hawakuyatumia macho, basi yakaisha." Jibu hilo ni la Lamarck, na kwenye mtihani litakukosesha alama. Tazama kiinitete, yaani samaki angali ndani ya yai, uone mambo yalivyo.

Kila seli ya kiinitete hubeba jeni, na jeni ni maagizo ya kuunda mwili. Jeni iitwayo PAX6 ni mojawapo ya zile zinazoamrisha jicho lianze, na hata sisi binadamu tunayo. Mwaka 1995 watafiti wa Uswisi waliiwasha jeni ya aina hiyo kwenye miguu na mabawa ya nzi, na macho yakaota huko huko!

Sasa basi, kumbe samaki wetu wa gizani naye huanza kuunda macho akiwa kiinitete. Kikombe cha jicho hutokea kama kwa samaki wengine. Lakini seli za retina, zile za kupokea mwanga, hazikomai. Kazi hukwama njiani, seli hufa, na mwishowe ngozi hufunika mahali pale. Mwaka 2011 ilielezwa pia kwamba baadhi ya jeni zake za kupokea mwanga zimeharibika.

Mbona uharibifu huo ukaenea? Jeni hubadilika kwa bahati tu. Katika mwanga, samaki kipofu huliwa mapema kabla hajazaa. Katika giza, kipofu na mwenye macho ni sawa, tena retina hula nguvu nyingi na chakula ni haba. Kwa hiyo vipofu walizaa na kurithisha jeni zao. Chakula hukitafuta bila kuona, kwa harufu na kwa kuhisi mtikisiko wa maji.

Kwa hivyo usiandike "hakuyatumia." Andika: jeni zilibadilika, na giza halikuwaadhibu waliozirithi.

Zoezi: Fuko naye huishi gizani. Eleza macho yake kwa njia hiyo hiyo. Kila la heri!