Arusi Juu ya Mlima: Tuwajibu Nini Watoto Wetu?



Zamani kijana akitaka kuoa, swali la wazazi lilikuwa: "Arusi itakuwa parokia gani?" Siku hizi jibu laweza kuwashangaza. Wako vijana wanaosema, "Baba, Mama, sisi tungependa kufunga ndoa safarini, juu ya milima ya Nepali." Wazazi wengine hukasirika papo hapo, wengine hucheka, na wengine hukubali bila kuuliza lolote kwa kuogopa kuitwa washamba. Hakuna hata moja kati ya njia hizo tatu inayomsaidia mtoto. Katika somo hili tutazame jambo lenyewe kwa utulivu: mlima wenyewe ukoje, Kanisa linasema nini, na sisi tulio katika ndoa tunajifunza nini.

JAMBO HILI LIMEKWISHA TENDEKA

Mlima Everest uko mpakani mwa Nepali na Uchina, nao ndio mrefu kuliko yote duniani. Kipimo kilichotangazwa na nchi hizo mbili mwaka 2020 ni mita 8,848.86. Watu wa kwanza kufika kileleni na kurudi salama walikuwa Edmund Hillary na Tenzing Norgay, tarehe 29 Mei 1953. Miaka 52 baadaye, tarehe 30 Mei 2005, Wanepali wawili, Pem Dorjee na Moni Mulepati, walifunga ndoa pale pale kileleni. Bwana arusi alikuwa wa kabila la Sherpa, bibi arusi alikuwa Mnewari. Walivua vifuniko vya hewa ya oksijeni kwa muda mfupi, wakavaa mashada ya maua ya plastiki, na bwana arusi akampaka mwenzake unga mwekundu kwenye paji la uso kama ilivyo desturi ya kwao. Kisha wakaanza kushuka, maana pale juu hakuna anayekaa.

Wengi wanaotamani arusi ya namna hii hawaendi kileleni. Wao huishia kambi ya chini ya Everest, upande wa Nepali, iliyo mita 5,364. Msidanganywe na neno "chini". Kambi hiyo iko juu kuliko Batian, kilele kirefu cha Mlima Kenya chenye mita 5,199. Msafiri huruka kwa ndege ndogo kutoka Kathmandu au mji mwingine hadi Lukla, kisha hutembea kwa miguu kupitia Namche, kwenye mita 3,440 hivi, na Tengboche penye monasteri ya Wabudha. Kupanda huchukua siku 8 hivi, na kushuka siku 3 au 4. Misimu mizuri ni Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Novemba. Hata katika misimu hiyo ukungu waweza kuzuia ndege za Lukla siku nzima au zaidi. Kwa hiyo anayepanga arusi huko hana hakika hata ya tarehe.

MWILI NA AKILI MAHALI PA JUU

Katika kambi hiyo kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mtu angeipata Mombasa. Ugonjwa wa mwinuko huweza kumpata mtu yeyote anayepita mita 2,500, awe kijana au mzee, mwanariadha au mnene. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu na kukosa usingizi. Ukizidi, maji hujaa mapafuni na mtu hukosa pumzi hata akiwa amekaa, au ubongo huvimba, naye akaanza kuyumba kama mlevi na kusema maneno yasiyoeleweka. Hapo dawa kubwa ni moja: kumshusha mara moja, hata kama ni usiku, na hata kama arusi ni kesho.

Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukisha kupita mita 3,000 usilale mahali palipozidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku 3 au 4 upumzike siku moja. Pombe na dawa za usingizi ziepukwe. Mama mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, na mwenye selimundu wasiende bila kumwona daktari kwanza. Hili la selimundu linatuhusu sana sisi, kwa sababu ugonjwa huo uko katika familia nyingi za kandokando ya Ziwa Victoria na za pwani, na mahali penye hewa nyembamba huweza kumletea mgonjwa hatari ya kifo.

Kwa nini katekista anawaeleza mambo ya daktari? Kwa sababu ndoa hufanywa na ridhaa, yaani kukubali kwa hiari na kwa akili timamu. Kanuni ya 1095 ya Sheria za Kanisa yasema kwamba asiye na matumizi ya kutosha ya akili hawezi kufunga ndoa. Mtu mwenye kichwa kinachouma kidogo bado ana akili yake. Lakini aliyefika hatua ya kuchanganyikiwa hawezi kutoa neno la maisha yote, wala asiulizwe. Anayempenda atamshusha.

KANISA LINASEMA NINI JUU YA MAHALI?

Wengi hudhani Kanisa hutaka jengo kwa sababu ya mapambo. Sivyo. Kwanza tujue kinachofanya ndoa ya Mkatoliki iwe halali. Wawili wawe huru kuoana bila kizuizi. Watoe ridhaa yao kwa pamoja. Tena, kwa Kanuni ya 1108, waitoe mbele ya askofu wa mahali, au paroko, au padre au shemasi aliyepewa ruhusa na mmoja wa hao, pamoja na mashahidi wawili. Rafiki mwenye kupanda mlima, hata awe mcha Mungu namna gani, hawezi kuchukua nafasi ya padre kwa kuombwa tu na maarusi.

Kuhusu mahali, Kanuni ya 1118 imepanga hivi. Ndoa ya Wakatoliki wawili, au ya Mkatoliki na Mkristo mwingine aliyebatizwa, hufungwa katika kanisa la parokia. Paroko au askofu aweza kuruhusu kanisa jingine au kikanisa. Askofu wa mahali aweza kuruhusu mahali pengine panapofaa. Kwa hiyo sheria haisemi kwamba mlimani hapawezekani kabisa. Inasema kwamba maarusi hawajiamulii wenyewe, na kwamba askofu ndiye hupima kama mahali hapo panafaa. Askofu akikataa, hajawanyima ndoa. Amewanyima mandhari tu.

Nepali kuna Kanisa Katoliki, ingawa ni dogo. Wajesuiti walifungua shule huko Godavari mwaka 1951, na tangu mwaka 2007 nchi nzima ni Vikarieti ya Kitume. Kijana anayetaka kufunga ndoa huko huanza kwa paroko wake hapa nyumbani. Hapa ndipo hufanyiwa mafundisho, hutafutiwa cheti cha ubatizo na hutangaziwa ndoa, kisha karatasi zake hutumwa kwa wakuu wa Kanisa wa huko. Baada ya ndoa, habari zake hurudi na kuandikwa katika kitabu cha ubatizo. Kazi hii haifanyiki kwa majuma mawili.

Wako wajanja waliosikia habari za Kanuni ya 1116, inayoruhusu ndoa mbele ya mashahidi wawili peke yao padre asipopatikana. Wao husema, "Mlimani hakuna padre, basi tumeruhusiwa." Hawakusoma hadi mwisho. Ruhusa hiyo ni ya aliye katika hatari ya kufa, au pale inapoonekana kwa busara kwamba padre hatapatikana bila shida kubwa kwa muda wa mwezi mzima. Safari ya siku 12, iliyochaguliwa kwa hiari na mtu aliyeacha padre nyumbani, haiingii humo.

Tusisahau na upande wa serikali. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 huitambua ndoa iliyofungwa nje ikiwa ilifuata sheria ya nchi ile na wahusika walikuwa na haki ya kuoana. Sherehe ya kambini ambayo haikuandikishwa popote huacha picha tu. Siku ya kudai urithi, picha haimsaidii mjane.

NA WALIOKWISHA KUFANYA HIVYO?

Kama mtoto wenu amefunga "ndoa" ya namna hiyo bila padre na bila ruhusa, msimfukuze. Mkaribisheni, mleteni kwa paroko. Kanisa lina njia ya kuitengeneza ndoa, na mara nyingi ni ibada fupi ya ridhaa mbele ya padre na mashahidi wawili. Haina haja ya kamati wala ya hema.

TUWASIKILIZE WANACHOKIKIMBIA

Sasa tuseme ukweli kati yetu wazazi. Mara nyingi kijana hatamani mlima. Anakimbia kitu. Anakimbia kamati ya arusi inayokutana kila juma kuchangisha fedha, orodha ya wageni mia tano ambao mia tatu hawajui, keki ya ghorofa, magari ya kukodi, na deni linalolipwa hata baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa. Binti akisema, "Nataka tuwe wachache, mahali pa kimya," anasema neno la busara. Tumjibu kwamba utulivu huo unapatikana hapa hapa: Misa ya asubuhi, wasimamizi wawili, wazazi wa pande zote, jumuiya ndogo ndogo yake, na chakula cha mchana nyumbani. Kanisa halikumdai mtu yeyote keki.

Lakini naye tumweleze anachokipoteza. Nyanya yake hawezi kupanda hadi mita 5,364. Wajomba waliokaa kwenye mazungumzo ya mahari hawatakuwepo. Ndoa ikitikisika mwaka wa tatu, wapandaji wenzake watakuwa wamerudi kwao Ulaya na Marekani. Watakaobisha hodi ni wale walioisikia ahadi yake kanisani. Ndiyo maana ndoa hutangazwa mbele ya watu: wasikiao huchukua sehemu ya mzigo.

Kuna njia ya kati, na wengi wameifuata kwa furaha. Fungeni ndoa parokiani, kisha nendeni mlimani kama mume na mke. Huko juu mkiomba pamoja na kukumbushana ahadi zenu, hakuna sheria mliyovunja.

SOMO KWETU TULIO NDANI YA NDOA

Waongozaji wa milimani wana desturi ambazo zingeponya nyumba nyingi. Ya kwanza, kundi hufuata mwendo wa aliye dhaifu. Mume anayetangulia peke yake kwa mipango yake, iwe ni shamba, biashara au masomo, atafika peke yake. Ya pili, hupanda juu mchana na kurudi kulala chini kidogo, mwili uzoee. Nasi baada ya neno zito, turudi chini kabla ya kulala. Tusilale kwenye kilele cha ugomvi. Ya tatu, anayeumwa kichwa ni lazima aseme. Anayeficha ili asiwaharibie wenzake safari ndiye huishia kubebwa. Ni wake wangapi, na waume wangapi, wanaoficha maumivu yao hadi siku ya kubebwa? Ya nne, kurudi nyuma si aibu. Kilele hakiendi popote.

Maarusi wa mwaka 2005 walikaa kileleni muda mfupi tu, kisha wakashuka. Kila ndoa hushuka kutoka siku ya arusi. Kazi yetu ni kushuka pamoja, tukishikana mkono, hadi mahali penye jiko, watoto na ada za shule.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU JUMUIYANI

1. Mtoto wetu akitaka arusi ndogo, sisi wazazi tunamzuia kwa faida ya nani?

2. Ni nani aliyesikia ahadi zetu siku ya ndoa, na je, tumewahi kumwendea tulipokuwa na shida?

3. Kati yetu wawili, nani anatembea mbele mno sasa hivi? Mwenzake amwambie leo, kwa upole.

4. Kuna maumivu gani ambayo mmoja wetu ameyaficha ili "safari isiharibike"?

Mungu awabariki katika nyumba zenu.