Mji, Utui na Hesabu ya Watu: Namna ya Kusoma Sensa za Kitui na Makueni, 1969–2019

Makala haya yanakusudia kumwongoza mwanafunzi anayetaka kufuatilia mabadiliko ya idadi ya watu katika miji na vijiji vya Ukambani kwa kutumia ripoti za sensa. Jambo hili laonekana jepesi: mtu huchukua ripoti mbili, akatoa idadi ya zamani katika idadi mpya, akapata ongezeko. Mbinu hiyo, ikitumiwa Kitui na Makueni bila uangalifu, huzaa uongo mtupu.

Tuanze na Kitui. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 342,953 katika wilaya hiyo. Ya 1979 ikahesabu 464,283. Ya 1989 ikafikia 652,603. Msomaji akifungua ripoti ya 1999 atakuta Wilaya ya Kitui ina watu 515,422. Je, watu zaidi ya laki moja walikwenda wapi? Hakuna aliyekwenda popote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sehemu ya kaskazini ilimegwa ikawa Wilaya ya Mwingi, ambayo mwaka 1999 ilikuwa na watu 303,828. Tukiziunganisha wilaya hizo mbili tunapata 819,250, yaani ongezeko la takribani asilimia 26 katika miaka kumi. Kaunti ya Kitui ya leo ni muungano huo huo wa Kitui na Mwingi, na ndiyo maana hatuna budi kujumlisha kabla ya kulinganisha.

Makueni ina tatizo lililo kinyume chake. Kabla ya 1992 haikuwa wilaya. Watu wake walihesabiwa ndani ya Machakos. Machakos yenye watu 1,402,002 mwaka 1989 inaonekana kushuka hadi 906,644 mwaka 1999, ilhali Makueni yazuka ghafla na watu 771,545. Hivyo basi, anayetaka historia ndefu ya Makueni hana njia ya mkato: ni sharti ashuke hadi tarafa, kata na kata ndogo za Machakos ya kale, azijumlishe moja moja. Kazi hiyo inachosha, lakini hakuna nyingine itakayomfikisha.

Baada ya 1999 mipaka ya nje haikubadilika sana, na hapo ndipo picha yenyewe hujitokeza. Kitui ilikuwa na watu 1,012,709 mwaka 2009 na 1,136,187 mwaka 2019: ongezeko la asilimia 12 tu katika muongo mzima. Makueni ilitoka 884,527 ikafika 987,653, karibu asilimia hiyo hiyo. Katika kipindi hicho Kenya nzima iliongezeka kwa asilimia 23. Zingatia tofauti na miaka ya 1979 hadi 1989, Kitui ilipoongezeka kwa asilimia 40.

Sababu ni mbili kuu. Kwanza, uzazi umepungua: kaya ya wastani ya Makueni mwaka 2019 ilikuwa na watu wanne tu. Pili ni uhamiaji, na hapa kanuni ya sensa yenyewe ina neno la kusema. Mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, si pale anapopaita kwao. Kijana wa Mutomo anayefanya kazi Nairobi ni wa Nairobi kwa usiku huo, hata kama shamba, mke na mbuzi wake wako Mutomo. Mwaka 2019 Kitui ilikuwa na wanawake 587,151 na wanaume 549,003. Pengo hilo la watu 38,148, kwa maoni yangu, linaeleza mengi kuhusu walikokwenda wanaume. Makueni pengo lilikuwa 8,251 tu. Huenda barabara kuu ya Mombasa na miji yake, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei, huwapa wanaume kazi karibu na nyumbani.

Miji ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi. Manispaa ya Kitui ilihesabiwa kuwa na watu 155,896 mwaka 2009. Wengi wao hawakuwa wakazi wa mjini kwa maana ya kawaida. Walikuwa wakulima wa mahindi na kunde ambao mashamba yao yaliangukia ndani ya mpaka wa baraza. Sensa ya 2019 ilitenga kitovu cha mji na mashamba yanayouzunguka, na idadi ikapungua sana. Mwandishi atakayesema kwamba mji wa Kitui umehamwa atakuwa amesoma mpaka, si watu. Wote nayo, iliyokua kwa kufanywa makao makuu ya wilaya mpya, yapaswa kusomwa kwa tahadhari hiyo hiyo.

Nacho kijiji? Wakamba hawakuishi katika nyumba zilizobanana. *Musyi* ni boma la mtu mmoja na jamaa yake. *Utui* ni maboma kadhaa yaliyotawanyika ambayo watu wake hushirikiana. Sensa haina safu ya *utui*. Inayo kata ndogo, ambayo huenda ikameza kadhaa kwa pamoja, na karani wa sensa hupita eneo la kuhesabia lililochorwa ofisini. Neno "kijiji" katika ripoti zetu, basi, ni tafsiri ya kiutawala tu.

Suala hili lina uzito nje ya darasa. Idadi ya watu ni kigezo kimojawapo katika kugawa fedha za kaunti, na Katiba ya 2010 inaitumia kuchora maeneo bunge. Kwa sensa ya 2019, wastani wa taifa ni watu 164,000 hivi kwa kila eneo bunge. Makueni, yenye maeneo sita, iko papo hapo. Kitui, yenye manane, ina 142,000 hivi. Hata hivyo Kitui ina kilomita za mraba zipatazo 30,400 na watu 37 tu kwa kila kilomita ya mraba, dhidi ya 121 wa Makueni, na Katiba inaruhusu maeneo yenye watu wachache yapungue chini ya wastani huo kwa hadi asilimia 40.

Atakayependa kuendelea na achague kata ndogo moja anayoifahamu, aifuate kutoka 2019 kurudi nyuma, na aandike kila mahali jina au mpaka ulipobadilika kabla ya kuandika tarakimu yoyote.