Umati Nao Huimba Tenzi

Kila tarehe 3 Juni tunahubiriwa habari za mashahidi wa Namugongo, na Februari tunakumbushwa Askofu Mkuu Janani Luwum. Ni mahubiri mazuri, ila yana wepesi wake: aliyewatesa anajulikana. Mwaka 1886 alikuwa Kabaka Mwanga, mwaka 1977 akawa Idi Amin. Sisi wa Kasese, magharibi mwa Uganda, tumejaa Waanglikana, Wakatoliki, Wasabato na Walokole wa kila namna, na anayekubana uilegeze imani yako kidogo mara nyingi ni mtu uliyeketi naye benchi moja Jumapili iliyopita. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kukaa Bwera, mpakani na Kongo, na kupanda na kushuka Kasese mjini kwa shughuli zangu.

1. Anayekubana anajua hata umezaliwa wa ngapi

Wakonzo wa huku hutoa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka; wasichana huanza na Masika, kisha Biira, kisha Kabugho. Ita Baluku sokoni Mpondwe uone vichwa vinavyogeuka. Mahali kama hapa hakuna kujificha kwenye kundi la watu, maana kundi lenyewe ni ukoo.

Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020 ulipoivamia hospitali ya Kilembe, wapo wazee wetu waliosema mlima Rwenzori umekasirika, kwa hiyo kila nyumba itoe kitu cha kuutuliza. Aliyekuja kwangu kuchukua mchango alikuwa baba mdogo, yule yule aliyenilipia karo. Mtu kama huyo humkatalii ukiwa umesimama mlangoni. Unamkaribisha, unampa chai, unauliza habari za mbuzi na kahawa, ndipo unasema: "Baba, ya unga na blanketi za waliofurikiwa nitatoa sasa hivi. Ya kuku wa mlimani, hapana." Alinuna. Chai aliimaliza, na fedha za unga alizifikisha.

2. Gharama hulipwa saa ile biashara inapochanganya

Shangazi yangu ni Msabato. Anauza samaki wakavu Mpondwe, na soko kubwa ni Jumanne na Ijumaa. Ijumaa jioni ndipo Wakongomani wanaorejea ng'ambo ya mto Lhubiriha humalizia manunuzi, wakiwa na haraka na fedha mkononi, wala hawana muda wa kubishana bei. Kwa muuza samaki hiyo ndiyo saa yenyewe. Na ndiyo saa ambayo shangazi huanza kufunga magunia, maana jua likizama Sabato imeingia.

Nimekaa naye pale mara nyingi. Anakunja turubai, anahesabu noti za Uganda kando na faranga za Kongo kando, anafunga gunia kwa kamba ya katani huku wateja wakimzunguka. "Mama, nipimie hizi tu, Mungu si askari wa forodha!" Wanaomcheka zaidi si Wakongomani. Ni wauzaji wenzake, Waanglikana kama mimi, ambao kesho yake watamwita kuwaombea watoto wao wagonjwa. Yeye hajibu kwa mahubiri. "Njoo Jumanne, baba," basi.

Siku moja nilimsimulia kesi ya Dimanche Sharon na wenzake wawili, wanafunzi Wasabato waliokishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa kuwapangia masomo na mitihani Jumamosi. Walishindwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2003, wakashindwa tena Mahakama ya Juu mwaka 2006. Nilidhani habari hiyo itamsikitisha. Akaniuliza, "Kwani na Sabato ilifutwa?" akaendelea kuvuta kamba. Mimi si Msabato na sitakuwa. Lakini tangu siku hiyo, mtu akiniambia atashika imani yake pindi sheria itakapomruhusu, namtazama mara mbili.

3. Kuwaombea wajane wa upande wa pili si kuusaliti ukoo

Mapigano ya tarehe 26 na 27 Novemba 2016, yaliyoishia kwa jeshi kuvamia kasri la Omusinga (mfalme) wa Rwenzururu, Charles Wesley Mumbere, mjini Kasese, yaliua watu zaidi ya 100. Wengi walikuwa watu wa upande wa ufalme. Polisi nao waliuawa. Wiki zile hukuwa na ruhusa ya kulia kimya kimya. Ilibidi useme unamlilia nani.

Mwinjilisti wetu aliwaombea wajane wa walinzi wa mfalme, kisha akawaombea wajane wa polisi. Alipofika hapo, baadhi ya wanaume waliokuwa nyuma walitoka nje. Walikuwa wametoka kuimba utenzi wote, ubeti kwa ubeti. Baada ya ibada waliniuliza kwa nini nilibaki. Niliwaambia kwamba yaliyotendeka pale kasrini yalikuwa maovu, na nitasema hivyo mbele ya yeyote, ila sala si kura. Hawakuridhika. Ninaona bado kwamba mwinjilisti yule alikuwa jasiri kuliko wahubiri wengi wa vipaza sauti niliowahi kuwasikia.

4. Si kila shinikizo la kidini ni imani

Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo na jamaa zake alifikishwa hospitali ya Kagando, wahudumu wakashuku Ebola, akahamishiwa kituo cha Bwera na huko akafariki. Tulipoacha kupeana mikono kanisani, walioumia zaidi walikuwa wacha Mungu. "Mwenye imani haogopi," walisema, mkono umenyooshwa. Niliinamisha kichwa, nikaweka mkono kifuani. Waliotambua hatari ile Kagando walikuwa wahudumu wa hospitali ya kanisa letu wenyewe.

5. Amri inayovunjwa kirahisi ni ile ya ushahidi wa uongo

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Watu 42 waliuawa, 37 kati yao wanafunzi. Bweni la wavulana lilichomwa. Sitaeleza zaidi; waliokuwepo wanajua, na wazazi wa watoto wale bado tunakutana nao njiani.

Wauaji wanadai wanapigania Uislamu, basi haikuchukua muda maneno yakawageukia majirani zetu Waislamu: fulani alifunga duka mapema, fulani ana shemeji Beni, kule Kongo. Katika kikundi chetu cha maombi mtu alipendekeza tuache kununua kwao. Vichwa vikatikisika kukubali, na waliokubali walikuwa watu wema ambao bado walikuwa msibani.

Nilisema mambo mawili. La kwanza, kwamba Mei 2021 Sheikh Ali Amini, aliyewapinga ADF waziwazi, alipigwa risasi ndani ya msikiti mkuu wa Beni, na watu wa huko waliwashuku hao hao. La pili, kwamba kama kuna anayejua jambo juu ya mwenye duka, aende akaandikishe polisi kwa jina lake, na kama hajui, ipo amri inayomhusu: ya tisa kwetu, ya nane kwa Wakatoliki. Hakuna aliyekwenda polisi. Pendekezo halikupitishwa, halikukataliwa pia. Mwenyekiti alifunga kwa sala na watu wakatawanyika.

Sukari na mafuta ya taa nanunua pale pale kwa jirani yangu. Wapo wawili watatu wa kikundi kile wanaonijibu salamu kwa shingo upande hadi leo. Mmoja wao, nilisikia majuzi, humtuma mtoto wake kwenye duka hilo hilo, jioni, giza likishaingia.