Barakoa Ni Haki ya Nani? Darsa Juu ya Utiifu, Madhara na Jirani



Ndugu zangu katika imani, waliosafiri kwa taksi kati ya Jinja na Mbale wakati wa Korona wanakumbuka jambo hili. Gari likikaribia kizuizi cha polisi, abiria wote wanapandisha barakoa kutoka kidevuni. Kizuizi kikishapita, zinashuka tena. Wengine hawakuwa nazo kabisa, na wako waliokataa kwa hoja ya dini, wakisema siku ya kufa imeshaandikwa.

Leo barakoa zimewekwa kabatini, lakini swali halijafungwa. Novemba 2022 Ebola ilifika Jinja. Januari 2025 ilipotangazwa tena nchini, ilibainika kwamba mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa amepita Mbale akitafuta matibabu. Ebola haienei kama Korona na kinga yake ni tofauti, lakini swali la fiqhi ni lile lile: serikali ikitoa amri ya afya, Muislamu anaweza kuikataa? Akikataa, ana dalili gani? Tuzitazame hoja tatu tulizozisikia sana, kwa adabu, kwa sababu waliozisema ni ndugu zetu.

Hoja ya kwanza: kufunika mdomo katika swala kumekatazwa

Hoja hii ina asili. Abu Daud amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kufunika mdomo wake akiwa anaswali. Misikiti yetu ilipofunguliwa Septemba 2020, kwa sharti la watu wasiozidi 70, wako walioingia bila barakoa wakiwa na hadithi hii mkononi.

Lakini wanazuoni wameichukulia hukumu hii kuwa ni karaha, na kaida inayojulikana ni kwamba karaha huondoka inapopatikana haja. Isitoshe, katika Sahihi Muslim Mtume (s.a.w.) amemwelekeza anayepiga miayo aweke mkono mdomoni, na wanazuoni wameliingiza hilo hata ndani ya swala. Ikiwa miayo ni haja inayoruhusu kufunika mdomo, vipi maradhi yanayoua? Mwenye kuisoma hadithi moja akaacha ya pili amesoma nusu ya somo.

Hoja ya pili: hakuna maambukizi, kila kitu ni kadari

Ni kweli kwamba imo hadithi inayokanusha maambukizi. Lakini katika Sahihi Bukhari, mapokezi hayo hayo yanaendelea kwa kumwamuru mtu amkimbie mwenye ukoma kama anavyomkimbia simba. Pia mwenye ngamia wagonjwa amekatazwa kuwachanganya na ngamia wazima wa mwenzake. Njia mashuhuri ya kuzikusanya dalili hizi ni kwamba maradhi hayahami kwa nguvu zake yenyewe. Yanahama kwa idhini ya Allah, kupitia sababu alizoziumba Yeye.

Umar bin al-Khattab (r.a.) alifika Sargh akielekea Sham, akapewa habari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubaida (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari nyingine ya Allah. Kisha Abdurrahman bin Auf (r.a.) akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iliyoafiki uamuzi huo: msiingie penye tauni, wala msitoke mkiikimbia. Nani kati yetu atadai kwamba tawakkul yake imezidi ya Umar?

Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefiwa na mabinti zake kwa tauni, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Ndani yake ameeleza yaliyotokea Kairo mwaka 833 Hijria: watu walitoka kwa wingi kwenda jangwani kuomba dua pamoja, na vifo vilivyokuwa chini ya 40 kwa siku vikapanda baada ya hapo hadi kupita 1,000. Huyu ni mfafanuzi wa Sahihi Bukhari. Hakuona kwamba kuzitazama sababu ni udhaifu wa imani.

Hoja ya tatu: walioamuru hawakuwa waadilifu

Hii ndiyo hoja nzito zaidi, nasi tusiipite haraka. Wachuuzi na waendesha boda boda walipigwa barabarani kwa jina la afya. Novemba 18, 2020, mgombea urais Robert Kyagulanyi alikamatwa Luuka, hapa hapa Busoga, akidaiwa kuvunja kanuni za Korona, na katika ghasia za siku zile zaidi ya watu 50 walikufa. Mtu aliyeyaona hayo akiichukia barakoa, tunaelewa chuki hiyo imetoka wapi.

Sheria yetu haimpi mtawala utiifu usio na mpaka. Kamanda mmoja wa Kiansari aliwaamuru askari wake waingie motoni. Mtume (s.a.w.) aliposikia, akabainisha kwamba utiifu uko katika mema tu. Na mafakihi wameweka kaida kwamba maamuzi ya kiongozi juu ya raia yamefungwa na maslahi yao. Kwa hiyo fimbo ya askari mgongoni mwa mchuuzi haina kinga ya kisharia, na kuikemea ni wajibu.

Lakini kuvaa barakoa si kuingia motoni. Hakuna maasi ndani yake. Dhuluma ya aliyeamuru haiyageuzi mema kuwa maovu.

Haki hii ni ya nani?

Tuliipeleka haki kwa asiye mwenyewe. Tuliihesabu barakoa kuwa haki ya polisi, ndiyo maana ikapanda mbele ya polisi na kushuka nyuma yake. Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu asiusogelee msikiti kwa sababu ya kuwaudhi wengine kwa harufu. Ikiwa harufu ina hukumu hii, pumzi inayoweza kuua ina haki zaidi ya kuzuiwa. Mwenye haki ni yule mama mzee aliyeketi ubavuni mwako kwenye taksi. Yeye hakuondoka kizuizi kilipopita.

Mnaujua mfano wa jahazi uliopokewa na Nu'man bin Bashir (r.a.). Watu wa chini walitaka kutoboa sehemu yao wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Nia yao haikuwa mbaya, na kiu yao ilikuwa ya kweli. Hata hivyo wakiachwa, wote wanazama. Nami naongeza fahamu yangu: wa juu wana wajibu wa kuushika mkono unaotoboa, na pia wa kuteremsha maji. Asiye na pesa ya barakoa apewe. Mgonjwa asiyeweza kupumua nayo ana rukhsa, wala asitukanwe. Na sisi wanafunzi, amri nyingine ikija, tuzifikishe dalili kwa upole nyumbani kwetu, sokoni na misikitini, kabla ya askari kufika na fimbo.

Maswali ya halaqa

1. Ni wakati gani amri ya afya inaweza kuwa maasi, hata ikawa wajibu kuikataa?
2. Mtu akiitii amri kwa kuogopa polisi peke yake, amepata nini katika nia yake?
3. Vipi tutamkosoa mtawala bila kuipoteza haki ya jirani?

Allah atufahamishe dini yetu, awarehemu ndugu zetu waliotangulia katika maradhi yale, na atukinge sisi na majirani zetu. Amin.