Gari la Kitufe: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Wenye Magari wa Uvira

Harrier, RAV4, Prado, Lexus: gari linalowashwa kwa kidole si ajabu tena Uvira, kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu. Cha ajabu ni kwamba wanaoliendesha bado wanalilinda kama Carina ya zamani. Wanafunga milango, wanatupa ufunguo juu ya meza, wanalala. Mwizi wa gari la kitufe hahitaji kuvunja kioo. Analichukua kwa mawimbi, kwa kompyuta, au kwa ufunguo wa pili ambao mwenye gari hajui kama upo. Maagizo yafuatayo ni ya kufuatwa, si ya kujadiliwa kwenye kiti cha kinyozi.

Na mtu asiseme mambo haya ni ya Ulaya. Mwaka 2025, Thatcham Research, taasisi ya Uingereza inayochunguza usalama wa magari, ilieleza kwamba kati ya magari ya wizi yaliyonaswa bandarini huko kuanzia 2021 hadi 2024, zaidi ya theluthi yalikuwa yakielekea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwetu. Gari lililoporwa kwa mawimbi usiku mmoja Uingereza laweza kuwa ndilo unaloonyeshwa leo na mtu anayekuambia limetoka Japani, lina kilomita chache, na mwenyewe ana haraka kwa sababu mtoto ni mgonjwa. Kwa hiyo ulinzi unaanza kabla hujatoa hata franka moja.

Usinunue gari kabla ya kusoma namba ya chasi kwa macho yako mwenyewe. Usisomewe. Gari lililouzwa kwa ajili ya barabara za Japani lina namba fupi yenye kistari katikati: alama ya modeli, kisha tarakimu. Kwa Harrier ya kizazi cha 2013, kwa mfano, utaona ZSU60, kistari, halafu tarakimu saba. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya au Ghuba lina herufi na tarakimu 17, bila kistari. Zikianza na SB1, hiyo ni Toyota iliyoundwa Uingereza kwenyewe. Sasa, mtu akikuambia gari ni la mnada wa Japani, usukani uko kulia, lakini namba ni ya herufi 17 na spidi inasomwa kwa maili, jua anakudanganya. Huenda gari si la wizi, maana Waingereza nao huuza magari yao nje kihalali. Lakini aliyekudanganya kuhusu nchi atakudanganya pia kuhusu mengine. Dai karatasi ya nchi lilikotoka, ulinganishe namba na karatasi za duane za DGDA na karte rozi ya gari, herufi kwa herufi. Sifuri na herufi O si kitu kimoja.

Usijitetee kwamba wewe ulinunua kwa pesa halali. Mwaka 2015, Lexus RX 450h iliyoibwa Uingereza ilifuatwa kwa kifaa chake cha GPS: ikapitia Ufaransa, Oman, Mombasa, mpaka Uganda. Polisi walipoifikia walikuta na magari mengine zaidi ya ishirini ya wizi. Machi 2025 Interpol walikagua magari katika nchi 12 za Afrika Magharibi kwa muda wa wiki mbili. Kati ya yapata 12,600 yaliyopitishwa kwenye orodha yao ya magari ya wizi, kama 150 yalikuwa ya wizi, mengi yakiwa yameripotiwa Kanada mwaka mmoja kabla. Namba ikishaingia kwenye orodha hiyo haitoki kwa sababu umebadilisha plaki. Utavuka mpaka siku moja kwenda kumzika shangazi Bujumbura, na gari litabaki huko.

Fanya skani kabla ya kulipa, na umwambie fundi akusomee mambo mawili tu. La kwanza, namba ya chasi iliyomo ndani ya kompyuta ya gari, pale inapotunzwa humo. Aliyegonga upya namba kwenye chuma mara nyingi husahau kwamba kompyuta nayo inaikumbuka. La pili, na hili ndilo watu wanalipuuza: idadi ya funguo zilizoandikishwa. Magari mengi ya mitumba hufika na ufunguo mmoja. Skana ikisema gari linatambua funguo tatu na wewe mkononi unao mmoja, basi funguo mbili ziko kwa watu. Huenda mmoja ulipotea Yokohama na mwingine uko kwenye droo ya mtu Dar es Salaam. Huenda pia uko Uvira hapa hapa, mfukoni mwa aliyekuuzia au mwa shofa aliyelileta kutoka Kigoma, na anajua unapolala.

Futa funguo zote, kisha fundi auandikishe upya ule ulio nao mbele ya macho yako. Simama hapo mpaka amalize. Skana yenye uwezo wa kufuta ufunguo ina uwezo wa kuongeza mwingine, na kazi yote ni ya dakika chache kwa kuchomeka waya kwenye lile tundu lililo chini ya usukani. Akimaliza, mwambie asome tena idadi. Ikiwa ni zaidi ya ile uliyonayo, usiondoke garajini.

Usimwachie fundi wala mwosha magari ufunguo ukaenda zako kunywa. Wale vijana wanaoosha magari pale mtoni ni watu wa kazi, sina ugomvi nao. Lakini gari lililofunguliwa saa mbili nzima, tundu la skana likiwa wazi, ufunguo uko kwenye kiti, ni gari ambalo lolote linaweza kufanywa ndani yake na usijue mpaka mwezi ujao.

Usitundike ufunguo kwenye msumari wa sebule. Gari la kitufe huita ufunguo wake kwa mawimbi dhaifu yanayofika kama mita moja hivi. Ufunguo ukisikia, unajibu, na mlango unafunguka. Wezi wawili wanatosha. Mmoja anapita kando ya ukuta wa nyumba na antena, anaupelekea ufunguo mwito wa gari. Mwenzake amesimama penye mlango wa gari na kifaa cha pili, anapokea jibu. Hakuna siri waliyoivunja. Wameurefusha umbali tu, na gari linaamini mwenyewe amesimama hapo. ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, kimejaribu mbinu hii kwenye mamia ya modeli tangu 2016, na nyingi mno zimefunguka. Uvira ni mbaya zaidi, kwa sababu mji umebanwa kati ya ziwa na mlima na parsela zetu ni ndogo. Gari limeegeshwa chini ya dirisha, ufunguo uko upande wa pili wa tofali moja. Hapo hata wezi wawili hawahitajiki. Mmoja akivuta mshikio, gari laweza kufunguka lenyewe.

Tia ufunguo kwenye bati. Kuna vifuko maalumu vya kuzuia mawimbi, ukivipata nunua. Usipovipata, kopo la biskuti la bati lenye mfuniko wa bati linafanya kazi. Kopo la maziwa lenye mfuniko wa plastiki halifanyi, mawimbi yanatokea juu. Na usiamini kopo lolote kwa sababu mimi nimesema: tia ufunguo ndani, funika, nenda nalo mpaka mlangoni pa gari, vuta mshikio. Mlango ukifunguka, tafuta kopo jingine. Ufunguo wa akiba nao utiwe. Wengi wanaficha ufunguo wa kwanza kama dhahabu na kuuacha wa pili ndani ya suruali iliyotundikwa nyuma ya mlango.

Au ulaze ufunguo. Kwenye funguo nyingi za Toyota za aina hii, ukishikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, kitaa kidogo kitawaka mara nne na ufunguo utaacha kuitikia. Asubuhi bonyeza kitufe chochote, utaamka. Hakuna gharama, na ni ajabu jinsi watu wachache wanavyolijua hili.

Usishuke ukaiacha injini inaunguruma. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu ndiyo tabia yetu barabara nzima ya kwenda Baraka. Mtu anaona ndagala zimeanikwa Makobola, anasimama, anaacha kiyoyozi kinafanya kazi kwa ajili ya mama mkwe, anashuka na ufunguo mfukoni akijiambia gari haliwezi kwenda bila ufunguo. Linakwenda. Watengenezaji hawakutaka gari lizimike katikati ya barabara eti kwa sababu betri ya ufunguo imekwisha. Kwa hiyo likishawaka litalia pipi-pipi, litaandika onyo kwenye dashibodi, na litaendelea na safari mpaka litakapozimwa. Mwizi hatalizima. Atakuwa ameshafika anakotaka, pamoja na mama mkwe.

Hakikisha gari limejifunga, wala usihakikishe kwa kuvuta mshikio ufunguo ukiwa mfukoni, maana gari litakutambua na kukufungulia mwenyewe. Tazama taa: zimewaka mara moja? Vioo vya pembeni vimejikunja, kama ni modeli inayokunja? Mwenye kifaa cha kuzima mawimbi akiwa karibu, utabonyeza kitufe na hakuna kitakachotokea. Usiondoke ukibonyeza kwa nyuma bila kugeuka, kama waigizaji wa sinema.

Usidharau taa ya mbele iliyolegea. Ian Tabor, mtaalamu wa usalama wa magari wa London, alikuta bampa la RAV4 yake limevutwa na waya wa taa umechomolewa. Hiyo ilikuwa Aprili 2022, na akadhani ni wahuni. Julai gari likaondoka. Mwenzake Ken Tindell alieleza mwaka 2023 walivyofanya: nyaya zinazofika kwenye taa ni sehemu ya mtandao mmoja wa kompyuta za gari, na kifaa kilichochomekwa hapo hutuma ujumbe wa uongo kwamba ufunguo halali upo. Kifaa kama hicho huuzwa kimefichwa ndani ya spika ya bluetooth ya JBL, kama zile zinazopiga rumba ufukweni kwetu kila Jumapili. Ukibonyeza kitufe cha muziki, mlango unafunguka. Kopo la biskuti halisaidii lolote hapa, kwa sababu ufunguo wako haujaulizwa. Ukikuta plastiki ya juu ya gurudumu imebanduka au bampa limeachia upande mmoja, usiwalaumu watoto wa jirani. Usiku huo huo hamisha gari, lilale ndani ya parsela nyingine.

Rudi kwenye chuma. Fimbo ya kufunga usukani haina mawimbi, haina kompyuta, na huonekana kupitia kioo, ambayo ndiyo faida yake kubwa. Ongeza swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta. Iwekwe na fundi umeme wa kweli, kwa rilei na fyuzi, mahali ambapo wewe na yeye tu mnapajua. Usikubali swichi inayoweza kuguswa na goti ukiwa unashuka milima ya Ngomo. Usikubali waya wowote wa manjano uguswe, hizo ni nyaya za mifuko ya hewa. Na usimwonyeshe shemeji. Swichi ya siri inayojulikana na ukoo mzima ni pambo.

Weka GPS, lakini ijaribu mpakani. Ukikaribia Kavimvira, laini ya simu huacha mnara wa Kongo ikashika wa Burundi, na kifaa ambacho laini yake haikuruhusiwa kutumia mtandao wa nje kinanyamaza pale pale unapokihitaji. Uliza hilo kabla ya kulipa fundi. Jaza vocha, kifaa kisicho na megabaiti ni plastiki. Huko juu milimani, kuelekea Mulenge na Minembwe, usitegemee chochote.

Kamera ya ulinzi isiyo na betri wala sola, SNEL ikikata umeme, haioni.

Usishindane na bunduki. Wakija na silaha, toa ufunguo, taja swichi ilipo, ondoka. Yote niliyoandika hapa ni ya mwizi anayejificha. Mwingine ana sheria zake.

Likiibwa, toa taarifa saa hiyo hiyo, usisubiri kuche. Jiografia yetu ni rafiki kwa anayewahi: kwa gari, mtu hutoka Uvira kwa kaskazini kupitia Sange na Kamanyola, kwa mpaka wa Kavimvira kuingia Gatumba, au kwa kusini kuelekea Baraka. Saa ya kwanza, piga simu pande zote tatu. Saa ya tatu umechelewa. Tunza nje ya gari, na pia kwenye simu ya mtu unayemwamini, picha ya karte rozi, ya namba ya chasi na ya alama yoyote ya pekee. Polisi watakuandikia pevee, yaani hati ya taarifa. Bila namba ya chasi, pevee hiyo inatafuta Harrier nyeusi, na Harrier nyeusi ziko nyingi.

Atakayekupigia kesho yake akisema ameliona gari lako Fizi na anahitaji dola mia za mafuta ili alifuate, mwambie akusomee tarakimu nne za mwisho za chasi. Akishindwa, kata simu.