Kidonda Kidogo: Usibandue Gaga

Jembe limekuchubua mguu, au kisu kimekukata kidole ukimenya mihogo. Unasema litapona lenyewe. Ni kweli, majeraha mengi madogo hupona yenyewe, lakini utunzaji wa siku za kwanza ndio unaoyasaidia yasigeuke kidonda cha miezi.

Kwanza bonyeza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10, bila kufunuafunua kutazama. Damu ikikatika, osha kwa maji safi na sabuni mpaka mchanga wote utoke. Maji yanayofaa kunywa yanafaa pia kuoshea.

Damu iliyoganda hukauka ikawa gaga. Siku mbili tatu za mwanzo kando ya jeraha huvimba kidogo na kupata joto. Usiogope, hapo mwili unapambana na vijidudu. Halafu chini ya gaga huota nyama mpya nyekundu, na ngozi hutambaa kutoka kandokando kuelekea katikati. Ngozi hiyo ni changa mno. Ukibandua gaga unaing'oa pamoja nalo, na kazi inaanza upya. Watoto ndio hodari wa kubandua, wakateni kucha.

Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kidonda kiachwe kikauke juani. Majaribio ya mtafiti George Winter huko Uingereza, yaliyotolewa mwaka 1962, yalionyesha kinyume: jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu lilijifunga haraka kuliko lililoachwa wazi. Basi paka mafuta ya mgando kidogo, funga kitambaa safi, ubadilishe kila siku au kikilowa.

Usitie majivu, udongo wala mavi ya ng'ombe. Vijidudu vya pepopunda huishi katika udongo na mavi ya wanyama, na pepopunda huua. Wala usifungue vidonge vya rangi mbili ukanyunyizia unga wake. Dawa hiyo ni ya kumeza kwa maelekezo ya mganga, na kuitumia ovyo huwafanya vijidudu waizoee.

Kovu si ngozi kamili: halioti vinyweleo, halitoi jasho, na nguvu yake haifikii ya ngozi ya zamani. Hulainika polepole kwa mwaka mmoja au zaidi. Kwa baadhi ya watu, hasa sisi wenye ngozi nyeusi, kovu huzidi kukua kupita mipaka ya jeraha, likawasha, mara nyingi masikioni, kifuani au mabegani. Hilo huitwa keloidi. Si uchawi. Usilichanje, kwa kuwa likikatwa hivi hivi huweza kurudi kubwa zaidi. Kama katika ukoo wenu wapo wenye keloidi, fikirini vizuri kabla ya kumtoga binti masikio.

Njoo zahanati ukiona usaha, harufu, maumivu yanayoongezeka, mtoki au homa, au wiki mbili zikipita bila nafuu. Ukichomwa na msumari, au jeraha likiwa refu kwenda ndani au lenye uchafu, njoo siku hiyo hiyo hata kama haliumi, pamoja na kadi yako ya chanjo. Taya likishaanza kukaza, umechelewa sana: mgonjwa abebwe mara moja, hata usiku.